Ukipotea, Usiende Magharibi

Shangazi yangu Verda Oldroyd hasemi kushoto wala kulia. Mezani atakwambia, "Nisogezee chumvi, iko kaskazini ya kiwiko chako," na ole wako uanze kupapasa. Lapham wote husema hivyo. Mji umepigwa mistari kama daftari la hesabu, mitaa haina majina ila namba na pande za dunia, na mtoto wa miaka minne atakwambia bila kusita kwamba bibi yake anakaa mia tatu kaskazini, mia mbili magharibi. Lakini shangazi hakuzaliwa Lapham, na kila alichokifanya maishani kilianzia hapo.

Yeye na baba yangu, Eldon, walizaliwa Payson, kwenye ule ukanda wa miji iliyojipanga chini ya safu ya Wasatch. Huko milima iko mashariki. Mtu hafundishwi jambo hilo, analo mwilini, kama anavyojua mkono wake wa kulia. Milima inashuka kutoka kaskazini kwenda kusini kama ukuta mrefu, na jua linachomoza nyuma yake. Ukienda magharibi kuvuka jangwa hadi Nevada, utakuta safu baada ya safu, karibu zote zimelala vivyo hivyo, kaskazini na kusini, kama mbao zilizopangwa zikauke. Babu yangu aliwafundisha watoto wake sentensi moja tu kuhusu mlima: "Mkipotea, nendeni magharibi. Mtashuka, na chini kuna barabara na taa za watu." Kwa Payson, ilikuwa kweli tupu.

Milima ya Uinta ndiyo iliyokataa kulala kama wenzake. Imelala kwa kukingama, mashariki na magharibi, zaidi ya maili mia, na Lapham iko miguuni pake upande wa kusini. Hapo mlima uko kaskazini. Shangazi alipofika akiwa bibi harusi wa miaka ishirini na mitano, mke wa Merrill Oldroyd mfuga ng'ombe, macho yake yalikubali, mwili ukakataa. Kila alipoona mlima, alihisi mashariki.

Mwaka wa kwanza alimwelekeza daktari wa mifugo kwenye shamba la watu wengine, na ndama akafa. Mara nyingine alitumwa kanisani na sinia la viazi vya matanga, vile viazi vya kuoka na jibini ambavyo kila mke wa kule huvipeleka penye msiba. Akageukia mlima akidhani anakwenda mashariki, akaingia kanisa la kata nyingine, na kulikuwa na harusi.

"Wakala?" mama mkwe wake, Zelpha, alimuuliza.

"Walikula, Mama. Walishukuru sana."

"Watakosaje kula! Umewazika kabla hawajaanza." Mzee yule alicheka mpaka akashika ukingo wa sinki. "Verda, mwanangu, hapa jua linatoka mashariki. Huko kwenu sijui linatokea wapi."

Mwaka wa pili, mwezi wa Oktoba, shule zilipofungwa kwa ajili ya msimu wa kulungu, baba alikuja kuwinda. Nilikuwa na miaka mitano. Nakumbuka fulana yake ya rangi ya chungwa na harufu ya mafuta ya bunduki, basi. Siku ya tatu ukungu ulishuka, kisha theluji, naye akatengana na wenzake karibu na kilele. Walimtafuta siku tisa. Aliyempata ni Arvel Stubbs, aliyekuwa akiongoza watafutaji wa kaunti, na aliporudi alisimama jikoni kwa Merrill na kofia mkononi.

"Sijawahi kuona hili," alisema. "Mtu aliyepotea huzunguka. Huyu alikuwa na dira mkononi, hakuzunguka hata hatua moja. Amekwenda maili ishirini na nane magharibi moja kwa moja, kama mtu aliyetumwa. Amevuka vijito vitano, Merrill. Vitano. Kila kimoja kinashuka kusini hadi mlangoni kwa mtu."

Shangazi alikuwa chumba cha pili, amenishika mkono.

Majira ya kuchipua yaliyofuata, theluji ilipoyeyuka, alichukua kipande cha plaiwudi kutoka zizini, akakipaka rangi nyeupe, akaandika kwa rangi nyeusi, herufi kubwa: MILIMA HII IMELALA MASHARIKI NA MAGHARIBI. UKIPOTEA, FUATA MAJI KUSINI. USIENDE MAGHARIBI. Alikifunga kwenye farasi, akapanda nacho hadi mahali njia ya miguu inapoanza, akakisimamisha. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Wiki iliyofuata akasimamisha cha pili kwenye bonde la jirani.

Msimamizi wa barabara za kaunti alikuja kumtafuta. Watu walidhani atavichoma vile vibao.

"Dada Oldroyd," alisema, kwa maana kanisani sote ni kaka na dada, "kama umeamua kusimamisha vibao kwenye ardhi ya kaunti, afadhali uvisimamishe umevaa koti letu."

Akavaa. Amelivaa mpaka leo. Ameandika vibao vya mwendo, vya madaraja, vya ng'ombe wanaovuka, lakini kazi anayohesabu kuwa yake ni ile ya milimani: mabango thelathini na moja, kila moja na ramani iliyochongwa kwa patasi. Hachori ramani karakanani. Huenda mahali penyewe na kigoda, hukaa pale msomaji atakaposimama, na kilicho mbele ya macho yake ndicho anachokiweka juu. Kijito kikiwa mkono wa mashariki, kitakuwa mkono huo huo ubaoni. Mara moja alirudia bango zima kwa sababu alilichora asubuhi, na mchana aliporudi akaona mti mmoja mkubwa unafunika kilele alichokitaja.

"Mtu aliyechoka na kuogopa haamini macho yake," aliniambia. "Anaamini ubao. Sasa ubao ukiwa mwongo, amebakiwa na nani?"

Herufi huzichimba kina cha nusu kidole, ili mtu azisome kwa kupapasa hata theluji ikiwa imezijaza. Yupo daktari wa meno wa mjini aliyepotea kule na binti zake wawili, akakumbuka maneno ya bango, akafuata maji. Kila Agosti humletea shangazi kasha la pichi. Huzila amesimama, kwenye sinki, maji yakimchirizika mikononi.

Watu wa Lapham walidhani wanaelewa. Ndugu yake alikwenda magharibi, ndiyo maana ameandika usiende magharibi. Hakuna aliyeuliza kwa nini alikwenda. Mimi nilijua. Nilikuwa nakaa naye kila likizo, na nikiwa na miaka kumi na sita, tukipiga msasa ubao mmoja yeye mwisho huu na mimi mwisho ule, aliniambia kwa sentensi moja. Kisha akaendelea kupiga msasa. Nami niliendelea. Sikujua la kuifanyia mikono yangu.

Miaka miwili iliyopita jimbo liliamua kubadilisha mabango yote ya milimani yafanane. Kazi ya kuyachora ilipewa ofisi moja ya jijini, na kabla ya sikukuu ya waanzilishi, ile ya tarehe ishirini na nne Julai, yalitakiwa yawe yamesimama. Nilikuwa Lapham wiki hiyo. Mtu wao alifika karakanani saa nne asubuhi, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi.

"Dada Oldroyd? Naitwa Bryson Tolley. Natoka ofisi ya mabango."

"Najua. Umepita hapa mara mbili. Ulikuwa unatafuta nini huko juu?"

"Hapa hapa. Niliambiwa karakana iko mashariki ya ghala la nafaka."

"Na wewe ukaenda kaskazini."

Akacheka kwa haya. "Sijui nilivyofanya. Nilifuata mlima."

Shangazi aliweka patasi chini. "Wewe ni wa wapi, Kaka Tolley?"

"Spanish Fork."

"Spanish Fork," alirudia polepole. Kutoka hapo hadi Payson ni maili nane.

Bango jipya lilikuwa zuri, sitasema uongo. Bati la alumini, picha ya maziwa na misonobari, rangi za kumfanya mtu atake kuvua viatu. Shangazi aliliegemeza ukutani, akavaa miwani, akasoma kila neno kwa kidole. Kidole kilisimama mara mbili. Mara ya kwanza kwenye mshale wa dira: juu ya ramani, pale penye mlima, waliandika Mashariki. Mara ya pili kwenye mstari wa chini: "Ukipotea, shuka upande wa magharibi hadi ufike barabarani."

"Nani amechora?"

"Timu yetu."

"Na hiyo timu yenu imezaliwa wapi?"

Tolley alifikiri. "Spanish Fork, Provo, Lehi... wote kule kwetu."

"Basi hakuna aliyekosea peke yake."

Alimweleza. Tolley hakuwa mbishi. Alitoa ramani yake kwenye gari, akaigeuza, akaigeuza tena, masikio yakamwiva. Alisema mshale atauziba kwa stika siku hiyo hiyo. Lakini maneno yale, alisema, ni ya jimbo zima. Yameshapitishwa, yako kwenye mabango mia mbili na zaidi, na kuyabadilisha kwa kaunti moja ni barua za mwaka mzima.

"Safu zote za jimbo zimelala vile, Dada."

"Si zote."

"Karibu zote."

"Nenda kawaambie hivyo waliolala huku."

"Lakini mtu atashuka tu," alisema kwa upole. "Akiona mteremko atashuka. Magharibi ni neno tu."

Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaniambia, "Janae, nitolee lile gauni langu la Jumapili. Kesho nakwenda kwenye kikao."

Wajumbe wa kaunti ni watatu, na mwenyekiti wao sasa ni Arvel Stubbs, yule yule, mzee wa miaka sabini mwenye goti la chuma. Chumba chao cha kikao hakina madirisha. Siku hiyo kilijaa, kwa sababu habari kwamba Verda Oldroyd amevaa gauni siku isiyo ya ibada ilitembea kuliko gari. Alilivalia na buti zake za kazi. Tolley alikaa mbele na bango lake, stika tayari imebandikwa.

Ukweli ni kwamba wajumbe waliyataka mabango yale. Watalii wanapenda vitu vinavyong'aa, na mbao za shangazi zilikuwa zimepasuka kwa jua, nyingine zimetobolewa na vigong'ota. Stubbs alisema hivyo kwa adabu. Alisema kaunti itatia saini ya kuyapokea leo, na barua ya kuomba maneno mapya itaandikwa baadaye.

"Dada Oldroyd, mbao zako tutaziweka kwenye makumbusho. Kwa heshima zote."

"Kwenye makumbusho hapotei mtu, Arvel," alisema shangazi, na watu wakacheka. Akasimama. "Kaka Tolley, nakuomba ndugu yangu, simama. Fumba macho. Zunguka mara mbili. Haya. Nionyeshe mashariki."

Tolley, kwa unyoofu wa watu wa kule, alifumba macho, akazunguka, akatulia. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza. Kisha akanyoosha mkono bila wasiwasi wowote, kaskazini kabisa, kwenye mlima ambao hakuwa anauona.

Chumba kililipuka.

"Mfungeni kamba mumrudishe kwao!" alipaza sauti mmoja nyuma.

"Usimpe kamba, atakwenda nayo ng'ambo ya mlima, Wyoming!"

"Msicheke," shangazi alisema. Hakupaza sauti, lakini walinyamaza. "Hakukisia. Mmemwona. Amejua kwa mwili wote, na amekosea. Mimi nilikuwa hivyo miaka miwili na zaidi." Akamgeukia mwenyekiti. "Arvel, siku ulipomleta ndugu yangu Eldon, ulisema nini jikoni kwetu?"

Stubbs alisita. "Verda, hayo ya nini?"

"Ulisema nini?"

"Nilisema amekwenda kama mtu aliyetumwa."

"Alitumwa. Nilimtuma mimi. Nilikuwa nakanda mkate, akasimama mlangoni, akaniuliza nusu kwa utani, nikipotea je? Nikamwambia, unauliza kama mgeni, Baba alitufundisha nini? Nenda magharibi." Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa kwenye mgongo wa kiti. "Kila bonde alilofika, mteremko wa kusini ulikuwa pale, miguuni pake. Akaupanda ukingo wa pili. Kaka Tolley anasema mtu akiona mteremko atashuka. Eldon hakushuka. Alikuwa na neno la mtu anayemwamini."

Kisha nikaona vichwa vinageuka, kimoja kimoja, kunitazama mimi, binti wa marehemu. Nilisimama kwa sababu sikuweza kubaki nimekaa.

"Aliniambia zamani," nilisema. "Nilikuwa na miaka kumi na sita. Sina mtu mwingine ninayeweza kumfuata mlimani."

Stubbs alipitisha kiganja usoni. "Miaka thelathini na saba, Verda. Ungetuambia."

"Sikuja kuonewa huruma. Nimekuja kuuliza nani kati yenu atatia saini, ili mtu mwingine aambiwe maneno yale yale kwa rangi nzuri zaidi."

Karatasi ya kupokea mabango ilikuwa mezani. Mjumbe wa upande wa mashariki aliisukuma kwa Stubbs, Stubbs akaitazama bila kuigusa. Wote walijua kwamba kaunti haina nguvu ya kubadilisha neno la jimbo, na kwamba kukataa mali ya jimbo kuna kesi zake. Ni Tolley aliyeinuka. Bado alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Aliichukua karatasi, akatafuta nafasi chini ya jina la ofisi yake, akaandika kwa muda, halafu akasoma kwa sauti: "Maneno haya yatamuua mtu mahali hapa. Nayarudisha. Kosa limeonwa na mimi mwenyewe." Akatia saini.

"Watakufanya nini huko kwenu?" shangazi alimuuliza.

"Sijui, Dada. Labda watanipeleka nikaandike Usiegeshe Hapa."

"Hiyo nayo ni kazi ya watu. Usiiandike uongo tu."

Mabango ya shangazi yalisimama kiangazi kile chote, na majira ya baridi. Tolley hakufukuzwa. Alikuja mara tatu bila shati la pasi, na shangazi alimkalisha kwenye kigoda mbele ya kila njia ya miguu, akamfanya achore alichokiona. Juni iliyofuata mabango mapya yakafika, alumini ile ile, picha zile zile, lakini safu imelala kwa kukingama kama inavyolala, na maneno ya shangazi yako chini, bila kupunguzwa hata moja. Jina lake halimo. Tolley aliomba liwemo. Yeye alikataa, akasema mtu aliyepotea hana haja ya kujua ni nani anayemwambia.

La kwanza alitaka lisimame kwenye njia aliyoingilia baba. Tulipanda wawili tu, yeye na mimi, asubuhi yenye baridi, bango limefungwa juu ya gari. Kibao chake cha zamani alikifungua mwenyewe, akakilaza kwenye nyasi, uso juu. Nilishika pima-maji wakati yeye akisogeza nguzo, na tulipomaliza kujaza mawe kwenye mashimo yake alirudi nyuma hatua kumi, akasimama pale msomaji atakaposimama, akatazama mlima, akatazama bango, akatazama mlima. Akarudi kuchukua spana. Miaka sitini na mitano, na alikuwa bado ananizidi nguvu za mkono.

"Nisomee," alisema, akishika nati ya kwanza.

"Unayajua kwa moyo, Shangazi."

"Ndiyo maana nataka nisomewe na mtu mwingine."

Nilisoma. Milima hii imelala mashariki na magharibi. Ukipotea, fuata maji kusini. Usiende magharibi. Alikaza nati mpaka bati likalia, akahamia ya pili.

"Tena," alisema.

Nati zilikuwa nne. Nilisoma mara nne, kwa sauti, kuelekea mlimani, na kila mara alisikiliza mpaka neno la mwisho ndipo akakaza.